Namna ya kukagua Ferrari F40 iliyotunzwa kabla hujalipa

Nikiambiwa kuna F40 "ya kilomita chache sana" inauzwa, swali langu la kwanza huwa: nani alikuwa akiiwasha? Kwa miaka mingi nimekagua magari ya michezo ya Kiitaliano kwa niaba ya wanunuzi. Sijaona gari linalonipendeza kama hili, wala linaloadhibu uzembe kama hili. Wengi hudhani gari lililotunzwa ni lile lililofungiwa ndani likaachwa. Gari la namna hiyo limetelekezwa mahali pakavu tu. Kutunza ni kazi ya mikono, mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo huacha alama. Ukaguzi wote ninaoueleza hapa ni wa kuzitafuta alama hizo.

Ulijue gari lenyewe kwanza. F40 ilizinduliwa Maranello, makao ya Ferrari huko Italia, tarehe 21 Julai 1987 kuadhimisha miaka 40 ya Ferrari, na ndiyo ya mwisho kuidhinishwa na Enzo Ferrari mwenyewe kabla hajafariki Agosti 1988. Mpango wa awali ulikuwa magari 400 hivi, lakini hadi uzalishaji ulipokoma 1992 yalikuwa yametoka zaidi ya 1,300. Injini ni V8 ya sentimita za ujazo 2,936 yenye tabo mbili (turbo, vifaa vinavyosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), nguvu farasi 478, na kasi ya juu iliyotangazwa ni kilomita 324 kwa saa. Ndani hakuna redio wala zulia, na mlango unaufungua kwa kuvuta kamba ya waya. Ya mwanzo yalikuwa na madirisha ya plastiki ya kusukuma pembeni na hayakuwa na kichujio cha moshi. Baadaye yakaja ya vioo vya kuteremsha, yenye kichujio, na mengine yenye uwezo wa kuinua na kushusha kimo cha gari. Jua unauziwa lipi. Gari ambalo namba yake ni ya mwanzo lakini madirisha yake ni ya baadaye lazima liwe na maelezo, na maelezo hayo yawe na karatasi.

Karatasi zisome nyumbani kwa utulivu kabla hujaliona gari. Ukishaliona macho yatakusaliti: wekundu ule, bawa lile la nyuma, na moyo unaanza kumtetea muuzaji bila kuombwa.

Omba picha za namba tatu: ya chasisi, ya injini na ya giaboksi. Ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, na huanza na ZFF. Zilinganishe na cheti cha Ferrari Classiche, idara ya Maranello iliyoanzishwa 2006 kuthibitisha uhalisi wa magari ya zamani ya kampuni. Cheti huja ndani ya jalada jekundu, na jalada hilo lina uzito mkubwa kwenye bei. Lakini elewa linasema nini. Linathibitisha kwamba gari ni lenyewe na vipuri vyake vikuu ndivyo vinavyotakiwa. Halikuambii kama mipira imekauka, wala kama kuna mtu aliyebadilisha maji ya breki tangu mwaka juzi.

Hayo ambayo jalada halisemi yanajibiwa na risiti za gereji. Chukua karatasi tupu, kushoto andika tarehe, kulia kilomita, katikati kazi iliyofanyika, kisha panga kila risiti kwa mfuatano. Usitegemee muhtasari wa muuzaji, andika mwenyewe kwa mkono. Ukifika mwisho utaona mapengo. Pengo la miaka sita si kosa, lakini nataka kujua gari lililala wapi miaka hiyo na lilipoamshwa lilifanyiwa nini. Kilomita zikisimama palepale kwa miaka kumi wakati tairi zimebadilishwa mara mbili, uliza. Mita ya kilomita inaweza kuzimwa, na gari likaendelea kutembea. Mimi binafsi huvutiwa zaidi na risiti ndogondogo kuliko kubwa: betri, maji ya breki, oili iliyomwagwa baada ya kilomita 300 kwa sababu mwaka umekwisha. Risiti moja nene ya mwezi uliopita, baada ya ukimya wa miaka minane, inaonyesha mtu anayejiandaa kuuza.

Ukipanga siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe. Mwambie kwa adabu lakini kwa uwazi, na ukifika ugusishe nyuma ya kiganja kwenye kifuniko cha injini. Kama ni cha moto, rudi kesho. Injini iliyoanza kupata moto huficha mengi: ugumu wa kuwaka, moshi wa kwanza, mlio wa vyuma vikisubiri oili ipande. Mwambie pia asiioshe sehemu ya injini kwa mvuke. Kuna wauzaji huona ni heshima kwa mgeni, lakini injini iliyooshwa jana imefutiwa ushahidi wake.

Ukiingia, kabla ya kuwasha tochi, nusa.

Nasisitiza hili kwa sababu nililipia somo lake. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua F40 yenye kilomita zisizofika 4,000. Rangi safi, jalada jekundu lipo, injini iliitika kwa mara ya kwanza. Nilisikia harufu ya petroli kwa mbali upande wa kulia. Muuzaji akasema limejazwa mafuta asubuhi ile, nami nikakubali. Sikudai karatasi ya matangi. Wiki tatu baada ya gari kununuliwa, mwenyewe akanipigia simu: sakafuni kuna doa. Nilikwenda siku ileile. Tangi la kulia lilikuwa limepasuka kwenye kona, na lilikuwa bado lile lililotoka nalo kiwandani. Sifongo iliyomo ndani yake ilimeguka vidoleni mwangu kama keki kavu, na punje zake zilikuwa zimefika hadi kwenye vichujio vya mafuta. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu, maana tangi lile liko jirani na injini ya tabo mbili. Lakini mtu aliniamini, na nilimwambia gari ni zima.

Basi ijue sababu. F40 za Ulaya zilitengenezwa na matangi mawili ya mpira, moja kila upande, yaliyojazwa sifongo ya kuzuia petroli kurukaruka, kama magari ya mashindano. Mpira huo una umri. Hesabu yake inayokubalika kwa mafundi wa magari haya ni takriban miaka 10, gari litembee au lisitembee. Gari lisilotembea hata huumia zaidi: petroli ikipungua ndani, sehemu ya juu ya mfuko inabaki kavu, inakakamaa, kisha siku ikijazwa tena inalazimishwa kunyooka na hapo ndipo inapopasuka. Dai tarehe ya matangi yote mawili, kwa risiti, na jina la aliyeyafunga. Kama haipo, chukulia matangi ni mabovu na uondoe gharama yake kwenye bei unayotoa. Hakuna mazungumzo hapo. Ukisikia petroli hata kidogo, ukaguzi unasimama mpaka chanzo kionekane kwa macho.

Tairi ni rahisi na husema kweli. Pembeni mwa tairi kuna tarehe ya kutengenezwa: tangu 2000 ni tarakimu nne, wiki na mwaka, kwa hiyo 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kabla ya hapo zilikuwa tatu. Mbele ni 245/40 na nyuma 335/35, zote za rimu ya inchi 17. Zilinganishe na karatasi yako ya mfuatano. Ukikuta tairi za kwanza kabisa za Pirelli kwenye gari lenye kilomita chache, furahi, maana ni ushahidi mzuri, lakini usiliendeshe nazo hata kidogo. Mpira wa miaka 30 unang'aa vizuri kwenye picha na haushiki barabara.

Belti za taimingi, zile zinazoendesha vali kwa mpangilio mmoja na injini, nazo huzeeka kwa miaka kabla ya kilomita. Taka tarehe. Maji ya breki vivyo hivyo.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo inahitaji muda. Bodi ya F40 si ya bati. Ni vipande vya mchanganyiko wa nyuzi za kaboni na Kevlar (nyuzi za viwandani, nyepesi na ngumu sana), vilivyounganishwa na fremu ya mabomba ya chuma. Ili kupunguza uzito, kiwanda kilipaka rangi nyembamba kiasi kwamba kwenye mwanga wa pembeni ufumaji wa nyuzi unaonekana chini yake. Kipimo cha kawaida cha unene wa rangi, kile cha kubandika kwenye bati, hapa hakikusaidii. Zima taa za juu. Shika tochi moja, ilaze karibu na mlango hadi mwanga utambae juu ya rangi, kisha sogeza kichwa polepole. Utaona viraba vidogo vidogo vikijitokeza na kupotea, kama mkeka uliozama kwenye maji masafi. Ukiviona kwa mara ya kwanza hutasahau.

Linganisha kushoto na kulia: mlango kwa mlango, tako kwa tako. Usilinganishe mlango na boneti, kwa sababu vipande havifanani vyote. Mlango wa kushoto ukionyesha ufumaji na wa kulia ukawa laini kama kioo, wa kulia umepakwa upya. Pengine ni mkwaruzo wa gereji, pengine ni ajali. Rangi iliyopakwa upya mara nyingi ni nzuri zaidi kuliko ya kiwandani, nene, yenye mng'ao, na mnunuzi mgeni huisifu. Mimi nikiona mng'ao wa namna hiyo hupiga magoti na kutazama chini.

Na ukiwa umepiga magoti fungua mlango, utazame pale sakafu inapokutana na kizingiti. Kuna gundi. Kiwandani waliiacha wazi, ya kijani kilichochujuka, imefurika kwenye viungo bila mpangilio, mahali imejaa, mahali imevuta uzi. Gari lilikuwa ghali kuliko yote ya Ferrari wakati ule, na hakuna aliyeona haja ya kuifuta. Gundi hiyo ni kama mwandiko wa mtu. Haiigiki kirahisi, kwa sababu fundi anayetengeneza ajali, kwa tabia njema tu, hufanya kazi safi. Niliwahi kukuta gari ambalo kiungo cha upande wa abiria kilikuwa kimenyooka mstari mmoja, kama kilipigwa rula, na rangi yake ya kijani ilikaribia kabisa kuwa sawa. Niliibonyeza kwa ukucha: ya upande wa dereva ilikuwa ngumu kama mfupa, ile ikabonyea kidogo. Tulipolinyanyua, bomba moja la fremu nyuma ya kizingiti lilikuwa na weldi yenye mawimbi mapana kuliko ya jirani zake. Muuzaji alistaajabu kwa kweli, naye aliuziwa vivyo hivyo. Mnunuzi wangu aliondoka, na nadhani alifanya sawa.

Kwa hiyo gari lazima linyanyuliwe. Muuzaji asiyekubali gari linyanyuliwe hana la kukuuzia. Fuata kila bomba la fremu kwa tochi na kioo kidogo cha mkono. Tafuta weldi isiyofanana na wenzake, rangi nyeusi iliyo mpya mahali pamoja, bomba lenye mkunjo. Angalia oili: F40 haihifadhi oili yake chini ya injini, ina tangi lake, kwa hiyo kiwango chake kinapimwa injini ikiwa imepata moto kwa kufuata kitabu cha gari. Unyevunyevu kidogo kwenye sili za injini ya umri huu haunitishi. Tone linaloanguka linanitisha.

Ndani ya gari usitafute upya. Kitambaa cha kijivu cha dashibodi hupauka na huachia kwenye kingo, viti vyekundu husuguka upande wa kushoto wa dereva anapoingilia. Uchakavu huo ulingane na kilomita. Usukani uliolainika kwa jasho kwenye gari la kilomita 5,000 unasema kilomita si 5,000. Na kinyume chake pia: kila kitu kikiwa kipya kabisa, mtu amekibadilisha, na vya asili viko wapi? Kifuniko cha plastiki kinachoonyesha injini nyuma kikague kwenye matundu ya skrubu, ndiko nyufa zinakoanzia. Muulize muuzaji pochi ya vitabu, kasha la vifaa, ufunguo wa ziada, na kama alikuwa nayo, mabegi ya ngozi yaliyoshonwa na Schedoni, mafundi wa ngozi wa Modena. Vitu hivi vidogo vikipotea ni vigumu kuvipata, na aliyevitunza kwa kawaida ametunza na mengine.

Sasa iwashwe. Simama nyuma, pembeni kidogo. Kuna mabomba matatu ya moshi katikati. Lile la kati ni la kutoa shinikizo la ziada la tabo, kwa hiyo usishangae likiwa na masizi tofauti na mawili ya pembeni. Moshi mweupe wa mvuke utakwisha. Moshi wa bluu usiokwisha ni oili, na oili kwenye tabo au kwenye vali ni kazi kubwa. Omba pia fundi anayelijua gari hili apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nane na kiasi cha hewa inayovuja. Namba moja moja hazinishughulishi sana. Nataka ziwe jirani. Silinda saba zikifanana na moja ikaachwa nyuma, hapo pana tatizo, hata kama injini inaimba.

Ukipewa nafasi ya kupanda, mwache muuzaji aendeshe kwanza, na umtazame yeye kuliko barabara. Gia ya pili kwenye Ferrari za zama zile huwa ngumu giaboksi ikiwa baridi, na mwenye gari anayelijua huiruka au huisubiri. Anayeilazimisha amekuwa akiilazimisha siku zote. Je, anasubiri oili ipate moto kabla ya kukanyaga? Mkirudi, anazima injini papo hapo, au anaiacha inaunguruma dakika moja mbili ili tabo zipoe? Katika tabia hizo mbili tatu nimejifunza kuhusu gari kuliko katika karatasi nyingi. Zamu yako ikifika, kumbuka breki hazina msaada wowote na hakuna mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga. Pedali ni ngumu, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Tabo huamka ghafla katikati ya mizunguko. Usiliamshe kwenye kona wala kwenye lami yenye unyevu.

Ukirudi kaa chini na karatasi yako ya mfuatano uongeze safu ya nne: kazi inayodaiwa. Matangi, belti, tairi, maji ya breki, mipira ya kupozea. Kila kimoja weka bei ya mtu anayefanya kazi hiyo kila siku, wala si makadirio ya muuzaji. Gari la kilomita 30,000 ambalo safu hiyo ya nne ni tupu, mimi nitalichagua mbele ya la kilomita 2,000 lenye safu iliyojaa. Wakusanyaji wengi hawakubaliani nami, na mnadani namba ndogo ndiyo inayopandisha mikono. Lakini wao hununua namba, na mimi naagizwa kukagua gari.

Ukishalinunua, kazi inaendelea siku ileile. Badilisha unachopaswa kubadilisha bila kungoja, lakini usitupe chochote. Tairi za kwanza, klipu ya bomba, skrubu iliyopoteza rangi, kila kilichotoka kitie kwenye mfuko, andika kwa kalamu tarehe, kilomita na kilikotoka, na uweke kwenye sanduku litakalouzwa pamoja na gari. Liwashe na ulitembeze angalau mara moja kwa mwezi, safari ya kutosha oili ipate moto kamili, kwa sababu kuliwasha dakika tano na kulizima kunaacha maji ndani ya bomba la moshi na kwenye oili. Matangi yawe karibu kujaa wakati limelala. Na risiti ya kwanza unayoipata, hata kama ni ya betri, ifungulie jalada jipya.